Mwanamke Mwenye Mizani



Wengi wetu tumekwisha kuiona picha ya yule mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, mkono mmoja ameshika upanga na mkono wa pili mizani. Tumezoea kumhesabu kuwa ni ishara ya mahakama tu. Lakini tukiifuata historia yake, tutamkuta pia shambani na sokoni.

Wagiriki wa kale walikuwa na Themis, mlinzi wa sheria na desturi njema. Kwa masimulizi ya Hesiod, mshairi aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristu, Themis alimzalia Zeus mabinti, miongoni mwao Eunomia, yaani utaratibu mwema, Dike, yaani haki, na Eirene, yaani amani. Haki na amani ni ndugu wa tumbo moja. Hesiod mwenyewe alikuwa mkulima wa kijiji cha Ascra, naye aligombana na ndugu yake Perses juu ya urithi wa baba yao. Aliwashutumu wakubwa waliopokea rushwa wakapotosha hukumu, akawaonya kwamba Dike akidhulumiwa huenda kuketi karibu na baba yake, akamweleza maovu ya wanadamu.

Jina la Dike limo hata katika Kigiriki cha Agano Jipya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, Paulo ameokoka katika ajali ya merikebu huko Malta, na nyoka anamng'ata mkononi. Wenyeji wanasema hakika huyu ni mwuaji. Ameiponyoka bahari, lakini Dike hamwachi aishi. Walipoona hadhuriki, wakageuka wakasema ni mungu. Walihukumu kwa macho mara mbili, na mara zote mbili wakakosea.

Warumi walimwita Iustitia. Lakini katika sarafu zao, mwenye mizani mara nyingi ni Aequitas, yaani usawa katika kutendeana. Mkono mmoja ana mizani, mkono wa pili ana pembe iliyojaa mazao. Kitambaa cha machoni kilikuja baadaye sana. Katika kitabu cha Sebastian Brant kilichochapwa Basel mwaka 1494, mpumbavu ndiye anayemfunga Haki macho, na picha ile ilikuwa ya dhihaka. Katika karne ya 16 dhihaka ikageuka sifa: Haki haangalii uso wa mtu, anategemea mizani.

Wapendwa, picha ile ya mizani na mazao yatuhusu sana sisi wa Njombe. Viazi vyetu hushuka hadi Makambako, penye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma. Hapo malori hupimwa, ili uzito usiiharibu barabara. Jambo hilo ni jema. Lakini gunia lililomo ndani ya lori mara nyingi lilijazwa shambani pasipo mizani, likashonewa kilemba juu: hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza ufungashaji wa namna hiyo, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Tufanye hesabu ndogo. Gunia likiwa na kilo 130, nalo likalipwa kama la kilo 100, mkulima ametoa kilo 30 bure. Katika magunia kumi ni kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Hayo yangekuwa ada ya mtoto, au mbolea ya msimu ujao.

Mnunuzi husema, "Ndivyo tulivyozoea." Mkulima naye hunyamaza, kwa kuwa viazi vitaoza na mnunuzi mwingine hajafika. Hapo hakuna upanga wala hakimu, ila mtu mmoja anakadiria kwa macho na mwenzake anaumia. Barabara ya lami imepata mizani ya kuilinda. Je, mkulima aliyelima viazi vile astahili pungufu ya hapo?

Basi tusimwache mwanamke yule ukutani mwa mahakama. Vijiji na vyama vya ushirika vinaponunua mizani na kukataa kwa pamoja kuuza pasipo kupima, haki inaanza kutendeka kabla ya kesi yoyote kufunguliwa. Na pale haki inapokaa, ndugu yake amani hakai mbali.