Bei ya Ulimi wa Mheshimiwa



Ndugu msomaji, najua ukurasa wa mapishi ya futari ndio unaotafutwa kwanza katika gazeti hili, lakini kabla hujafika huko nipe dakika chache. Nataka tuzungumze habari ya pesa na maikrofoni.

Jambo lenyewe lilianza hapa kwetu Tongaren, katika kikao cha kamati ya vijana, mwezi ulipokuwa umekaribia kuandama. Tulikuwa tunapanga futari ya pamoja. Ndugu mmoja akasimama akasema kuna mheshimiwa yuko tayari kutoa mchele, mbuzi wawili na mabati ya chumba kipya cha madrasa. Sharti ni moja tu: apewe dakika ishirini za kuzungumza na waumini baada ya Magharibi. Basi kikao kikapasuka katikati. Wengine wakasema mabati ni mabati, mvua haiulizi nani amenunua. Wengine wakasema hiyo si sadaka, ni kodi ya ukumbi. Dada mmoja akauliza kwa nini anayetaka kutusemesha ndiye anayelipa, na huko Ulaya tunasikia anayesema ndiye anayelipwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu chumba nilichosomea Juzuu Amma kiliezekwa kwa mabati ya namna hiyo hiyo. Nilirudi chuoni na swali la yule dada, nikaenda nalo maktaba.

Tuanze na hao wanaolipwa. Ronald Reagan alimaliza urais wa Marekani Januari 1989. Mwaka huo huo alikwenda Japani kwa mwaliko wa kampuni ya Fujisankei, akatoa hotuba mbili fupi, na malipo yakawa kama dola milioni 2. Wamarekani wenyewe walishtuka. Lakini mshtuko haukudumu. Bill Clinton alipotoka Ikulu mwaka 2001, yeye na baadaye mkewe Hillary waliigeuza kuwa kazi hasa: kuanzia Februari 2001 hadi Mei 2015 walitoa hotuba 729 za kulipwa, wakapata zaidi ya dola milioni 153. Gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya dola 200,000 kwa hotuba moja. Ukiibadilisha kwa shilingi 130 unapata milioni 26. Mkulima wa Naitiri akiuza gunia la mahindi kwa shilingi 4,000, atahitaji magunia 6,500 kufikia hotuba moja ya saa moja, tena bila kuhesabu mbolea!

Sasa tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kuna hoja upande wa pili na ina uzito. Mtu amestaafu, hana tena muhuri wa serikali, hakumlazimisha mtu kununua tiketi. Mwalimu hulipwa kwa kusema, wakili hulipwa kwa kusema, hata dalali wa ng'ombe pale sokoni hulipwa kwa kusema. Ujira wa kazi ya halali ni halali. Kwa nini rais mstaafu ndiye peke yake aambiwe aongee bure?

Nilikwama hapo kwa muda, mpaka nikakumbuka kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa tukakichukulia kuwa ni habari ya zaka tu. Ni kile cha Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili mimi nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) hakumuuliza kama alimpora mtu. Hakumuuliza kama waliotoa walikuwa radhi. Alimuuliza, kwa maana yake, kama angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hiyo ingemfuata huko? Kisha akapanda mimbari akawaeleza watu wote. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi (R.A.).

Angalia lile swali lilivyo kali. Linauliza mlipaji amemwona nani alipofungua mkoba: fulani bin fulani, au kiti alichokalia? Na ukilipeleka kwa mambo ya leo linafanya kazi vile vile. Mwaka 2013, baada ya kuacha wizara ya mambo ya nje, Hillary Clinton alilipwa dola 675,000 na benki ya Goldman Sachs kwa hotuba tatu. Miaka mitatu baadaye alikuwa anagombea urais, na wapinzani wake hawakuacha kumuuliza aliwaambia nini wenye benki. Je, benki ilikuwa inamlipa waziri wa jana au rais wa kesho? Na mawaziri wote walioko ofisini wanaona. Kila mmoja anajua kuna meza imeandaliwa nje, mradi asiwaudhi wenye meza. Hapo ndipo mimi naona ubaya wenyewe ulipo. Hotuba hutolewa baada ya cheo lakini bei yake hupangwa wakati wa cheo.

Tuje nyumbani. Swali la kiongozi na kipato cha pembeni liliwahi kujibiwa Afrika Mashariki kwa njia mbili tofauti kabisa, miaka minne tu ikizitenganisha, na mpaka wa Namanga katikati.

Njia ya kwanza ni Tanzania. Februari 1967, Azimio la Arusha lilitoka na masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asijifiche nyuma ya kanga, mke au mume wake naye alihesabiwa ndani. Kwa masharti hayo, waziri kulipwa na kampuni kwa ajili ya maneno yake lisingekuwa hata jambo la kujadiliwa.

Njia ya pili ni yetu. Mwaka 1971 Kenya ilipokea ripoti ya tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa juu ya utumishi wa umma, nayo ikaona hakuna ubaya mtumishi wa serikali kuwa na biashara na mali zake, mradi zisiingiliane na kazi. Huo "mradi" ndio uliotumaliza. Nani angepima kuingiliana, ikiwa mpimaji naye ana duka? Wazee wa kwetu wanaoongea habari za mashamba ya settlement, jinsi yalivyogawanywa baada ya wazungu kuondoka na jinsi wengine walivyopata zaidi ya wengine, hawajui jina la tume hiyo, lakini matunda yake wameyala. Ama niseme wameyaona yakiliwa.

Sisemi Tanzania ilikuwa peponi. Uchumi uliwashinda, na Mwalimu Nyerere alikuwa na sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Na Februari 1991, kwa lile linaloitwa Azimio la Zanzibar, CCM ililegeza masharti yenyewe. Lakini mtazame Nyerere baada ya kung'atuka mwaka 1985. Alikuwa na ulimi wa thamani, nadhani hakuna atakayebisha. Aliutumia kuongoza Tume ya Kusini kutoka 1987, akautumia mwaka 1995 kuwasema viongozi wa chama chake mwenyewe juu ya rushwa, mmojawapo wa mikutano hiyo ukiwa Mei Mosi ya wafanyakazi kule Mbeya, akautumia kuwapatanisha Warundi hadi alipofariki London Oktoba 14, 1999. Watu bado wanazisikiliza hotuba zile. Mwulize kijana yeyote akutajie sentensi moja ya hotuba za Reagan kule Japani.

Kuna aliyejaribu kutibu tatizo kwa njia nyingine. Mo Ibrahim, mfanyabiashara mzaliwa wa Sudan, alianzisha tuzo ya marais wastaafu wa Afrika: dola milioni 5 kwa miaka kumi, kisha dola 200,000 kila mwaka hadi kufa. Wa kwanza kuipata alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji, mwaka 2007. Wazo lake ni kwamba rais wa Afrika huogopa kustaafu kwa sababu hana hotuba za kulipwa wala viti vya bodi vinavyomngoja kama wenzake wa Ulaya. Ni hoja nzuri. Lakini miaka mingi tuzo imekosa mtu wa kupewa, na si Kenya wala Tanzania wala Uganda iliyowahi kutoa mshindi. Basi inaonekana tatizo halikuwa njaa peke yake.

Sasa narudi kwa swali la yule dada. Kwetu kwa nini msemaji ndiye anayelipa?

Jibu lina jina, na jina ni harambee. Mzee Kenyatta alilifanya neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na kwa kweli lilijenga. Shule nyingi za sekondari mashinani zilitokana na mifuko ya wazazi, si ya serikali. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, hasa wakati wa Mzee Moi, harambee ikawa jukwaa. Anayetoa nyingi anaongea mwisho, na anayeongea mwisho anaongea muda mrefu. Babu yangu husimulia kuwa kuku wa mjane alichukuliwa kwa amri ya chifu asubuhi, kisha jioni mheshimiwa akashangiliwa kwa noti ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Kwa hivyo usidhani sisi tuko salama kuliko Wamarekani. Kule tajiri hununua ulimi wa mwanasiasa. Huku mwanasiasa hununua masikio ya maskini. Na hela anayotununulia, kama mshahara wake hauitoshi, kuna mtu mahali amemlipa.

Sheria imejaribu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza kutumia cheo kuchangisha watu. Katiba ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma ni mali ya Jamhuri. Ukiisoma baada ya kile kisa cha Ibn al-Lutbiyya utadhani waandishi walikaa darasa moja! Ibara ya 77 inamkataza afisa wa wakati wote kufanya kazi nyingine ya kipato. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikawafungia wagombea harambee miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto mwenyewe alitangaza kuwa maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huo huo alitoa zaidi ya shilingi milioni 2 katika kanisa la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe.

Ndugu zetu Wakristo wametutangulia hapa, tukubali. Septemba 2021, pale Butere, si mbali na sisi, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwanyima wanasiasa maikrofoni siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno, na wakubwa wa siasa walikuwa wamekaa pale pale mbele yake. Alisema wanakaribishwa kusali kama watu wengine. Maaskofu wa Kikatoliki wakafuata siku chache baadaye.

Na kuna mtu wa huku kwetu ambaye siwezi kumwacha. Masinde Muliro, mtoto wa Bungoma aliyefanya siasa zake Kitale, alikuwa waziri mwaka 1975 bunge lilipopiga kura juu ya ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki. Serikali haikutaka ripoti ile ikubaliwe. Muliro alipiga kura ikubaliwe, akafukuzwa uwaziri, pamoja na John Keen na Peter Kibisu waliokuwa mawaziri wasaidizi. Alifariki Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Tumeita uwanja wa Kanduyi kwa jina lake, na chuo kikuu cha Kakamega pia. Hesabu hapo bei ya ulimi imekwenda upande gani: alisema ndiyo mara moja, akalipa yeye, kwa gari, bendera na mshahara.

Niliyasoma haya yote mbele ya kamati, kwa ufupi kidogo kuliko hapa. Ndugu mwenye habari ya mabati hakufurahi, na ana haki. Aliniuliza kama mabati ya chumba nilichosomea nitayang'oa. Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kuwa siku ile mheshimiwa alipoyaleta sisi watoto tulisimamishwa juani tangu Adhuhuri hadi karibu na Alasiri tukimsubiri, tukaimba, naye akaongea habari za mpinzani wake. Hakuna aliyetuuliza kama tumekula.

Mwishowe Maalim, ambaye muda wote alikuwa kimya na tasbihi yake, akasema barua iandikwe. Mheshimiwa anakaribishwa afuturu nasi, akae kwenye mkeka popote atakapopata nafasi. Akipenda kutoa mabati, ayapeleke kwa mweka hazina siku ya kawaida, apewe risiti, jina lake lisitangazwe. Maikrofoni itakuwa ya adhana na ya darasa.

Barua ilipelekwa Ijumaa kwa bodaboda. Hadi ninapoandika haya jibu halijaja, na mchele tumeanza kuchanga wenyewe. Mwenye kikombe kimoja alete kikombe kimoja, amwone dada wa mapokezi kabla ya Tarawehe.