Mto Nzoia na Watu wa Bunyala



Katika taarifa ya mwaka ni desturi kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Mwaka huu yafaa tuhesabu na maji pia, maana misaada mingi inayoombwa na watu wa Bunyala chanzo chake ni Mto Nzoia.

Mto huu huanza katika milima ya Cherangani na Elgon, hukusanya vijito vingi vya nchi ya juu, kisha hupita katika tambarare ya Bunyala na kuingia Ziwa Victoria. Mvua inyeshapo huko milimani, maji hutufikia baadaye, pengine mbingu ya kwetu ikiwa nyeupe kabisa. Basi mtu atazamaye mawingu ya kwake tu hawezi kuijua hatari inayomjia.

Walakini mto huo huo ndio uliotupa riziki. Mafuriko ya zamani yalitandaza matope yenye rutuba mashambani, na maji yalipopungua watu walipanda. Ndiyo sababu hawakuhama.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilizidi kiasi katika Kenya. Ziwa nalo likapanda, na kufikia mwaka 1964 kimo chake kilikuwa kimeongezeka kadiri ya mita 2.5. Ziwa likijaa, mto hukosa pa kutokea, na maji hurudi nyuma mashambani.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilijenga matuta makubwa ya udongo pande zote mbili za mto. Ilikuwa kazi njema, na miaka mingi watu walilala salama. Lakini usalama huo ulileta usahaulifu. Nyumba zilijengwa karibu na matuta, na watoto wakakua bila kuyaona mafuriko. Tena, matope yaliyokuwa yakienea mashambani sasa yalituama ndani ya mto, na sakafu yake ikainuka. Maji ambayo zamani yalipanda polepole, sasa tuta likibomoka huja kwa kishindo.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003, na tena mwaka 2007, 2008 na 2011. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilikipita kimo cha mwaka 1964, na siku hizo mto ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walipoteza makao. Wengine walipiga kambi juu ya tuta lile lile, kwa kuwa ndiyo ardhi pekee iliyobaki kavu.

Historia hii haitufundishi kulidharau tuta, bali kutolitegemea peke yake. Kwa hiyo yafaa tufanye mambo matatu. Kwanza, kimo cha maji cha kila mafuriko kitiwe alama ukutani, shuleni na katika nyumba za ibada, ili asiyeyaona aone. Pili, habari za mvua ya nchi ya juu ziulizwe mapema na kupelekwa nyumba kwa nyumba, hasa kwa wazee na wajane. Tatu, mtu asilime wala kuchimba juu ya tuta, na shimo likionekana lizibwe wakati wa kiangazi.

Misaada yetu hununua unga na mablanketi baada ya msiba. Kumbukumbu haigharimu kitu, nayo huweza kuokoa mtu kabla ya msiba kufika.