Askari Mlangoni: Nairobi Mwaka 1954

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo kwa mtu asiyefikiri sana huonekana zagombana. Moja yasema, Pilipili usiyoila yakuwashiani? Ya pili yasema, Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mtu aonaye gari la polisi limesimama mbele ya nyumba ya jirani hujikuta katikati ya methali hizo. Hutamani kuchungulia, na papo hapo huogopa kuonekana akichungulia. Je, afanye lipi? Na tutazame habari za Nairobi, huenda tukapata jawabu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya ili apate kuwashinda Mau Mau. Mwaka mmoja na nusu baadaye, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, askari wa jeshi na wa polisi wapatao 25,000, chini ya amri ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji wa Nairobi. Waingereza waliiita kazi hiyo Anvil, yaani fuawe, kile chuma ambacho juu yake mhunzi hupondea vitu.

Wenyeji wa mitaa ya Waafrika waliamka wakakuta njia zimefungwa. Mtaa mmoja baada ya mwingine ulipekuliwa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wenzao. Watu kwa maelfu walipakiwa katika malori wakapelekwa Langata kuchujwa. Huko wengine walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Ishara yake tu iliweza kumtia mtu kizuizini. Zaidi ya watu 20,000 walifungwa kwa namna hiyo, wengi wao katika kambi za Mackinnon Road na Manyani, pasipo kuhukumiwa na mahakama. Wanawake na watoto wengi walirudishwa kwa nguvu mashambani.

Ni haki kusema kwamba Serikali ilikuwa na sababu yake. Wapiganaji wa msituni walipata fedha, silaha na vijana kutoka Nairobi, na baada ya msako ule msaada huo ulipungua sana. Lakini wavu uvuao samaki wote pamoja hauchagui. Aliyekula kiapo na asiyekula walikaa nyuma ya seng'enge moja. Tena lilikuwako dhara jingine lisiloandikwa katika hesabu za jeshi. Kwa kuwa gakunia hakuonyesha uso, kila mtu aliweza kudhaniwa kuwa ndiye, na jirani akaanza kumwogopa jirani.

Hali ya Hatari ilikoma mwezi wa Januari 1960, na Kenya ikapata uhuru mwaka 1963. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 49, yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe upesi sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha aifahamuyo, na kwa kawaida afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Maneno haya ni machache, lakini kila neno lajibu jambo walilonyimwa watu wa mwaka 1954.

Basi, methali zetu hazigombani hata kidogo. Pilipili ni ya yule akimbiliaye zogo ili apate uvumi wa kueneza, au awazuiaye askari wasifanye kazi yao ya halali. Kutia maji ni kwa raia aulizaye kwa adabu: Jirani yangu amekamatwa kwa kosa gani, na amepelekwa wapi? Swali hilo si umbeya. Mahali lisipoweza kuulizwa, hakuna aliye salama ndani ya nyumba yake, hata yeye aliyefunga dirisha.