Aliyepoteza maneno si zuzu wa runinga

Sisi tuliolelewa Nkubu, Meru, tulijifunza kucheka ulimi wa mtu mbele ya runinga. Katika Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, alijipatia jina kama Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo. Katika Vioja Mahakamani, mshtakiwa akifungua kinywa tu, sebule nzima ilivunjika mbavu. Sina ugomvi na ucheshi huo. Lafudhi ni alama ya lugha ya mama, si maradhi. Tatizo ni kwamba aliyeumia ubongo naye alitiwa kapu lilo hilo. Katika tamthilia nyingi tulizoletewa baadaye, hasa za Mexico, mtu hugongwa kichwani, akazinduka hospitalini kamsahau mkewe, lakini sarufi yake haina doa! Asiyeweza kutamka hupewa nafasi ya zuzu.

Wataalamu walijua mapema kwamba mambo si hivyo. Mnamo 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi karibu kila jibu lake lilikuwa silabi moja, "tan". Hata hivyo, alielewa mengi aliyoulizwa, akajibu kwa ishara. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke alieleza hali tofauti: maneno yanamiminika, maana haionekani. Kiswahili kina kigugumizi na kithembe, yote ya utamkaji; hili la kupoteza lugha yenyewe huitwa afasia.

Mimi nililielewa nyumbani. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alipatwa na kiharusi akabakiwa na neno moja, "muga", salamu yetu ya Kimeru. Akitaka chai, muga. Akikasirika, muga, kwa sauti nyingine kabisa. Vijana sokoni wakawa wanamwigiza kama wako runingani. Wengine ati kalewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe.

Kumbe siku hizo hizo alikuwa akinishinda drafti. Jioni moja nilimsomea gazeti, tumelishika pamoja, nikakosea makusudi: "kijiji imepata maji". Aligonga meza. Akatikisa kichwa, akaweka kidole pale pale palipoandikwa "kimepata", akanitazama kama alivyowatazama wanafunzi wake.

"Muga," akasema.

Nikarudia sentensi.