Kuondoa madoa ya maji ya chumvi kwenye rangi ya gari

Magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda, Zambia au Kongo huoshwa njiani, mara nyingi kwa maji ya kisima. Maji hayo yakiwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi, hukauka juani na kuacha madoa meupe ya mviringo. Mnunuzi akiyaona, hushusha bei.

Doa jipya ni chokaa iliyoganda juu ya rangi. Sabuni haiitoi, lakini siki nyeupe huiyeyusha. Gari liegeshwe kivulini, bodi ipoe, kisha lioshwe kuondoa vumbi na mchanga. Siki ichanganywe na maji safi, nusu kwa nusu, na ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Kitambaa laini kilicholoweshwa kiwekwe juu ya doa dakika 1 au 2, lifutwe taratibu, kisha lisuuzwe kwa maji mengi. Siki isiachwe ikaukie kwenye rangi.

Alama ikibaki, madini yameshakula tabaka la juu la rangi. Hapo inahitajika polishi ya fundi, nayo hupunguza tabaka hilo kila inapopigwa. Msasa au steelwool vitaongeza mikwaruzo.

Kinga ni rahisi: gari lisioshwe juani, lisuuzwe mwisho kwa maji ya mvua yakipatikana, na lifutwe kabla maji hayajakauka yenyewe. Waksi hupakwa baada ya hapo.