Trekta Hili ni la Mwaka Gani? Kusoma Tarehe Kwenye Chuma na Kwenye Vichezeo

Leo tunaiweka tarakilishi kando kidogo na kuingia gereji. Msiwe na wasiwasi, hatuendi mbali na data. Mada yenyewe ni data tupu: nambari zilizogongwa kwenye matrekta ya zamani, hasa yale ya viwandani, na kwenye vichezeo vilivyotengenezwa kwa mfano wake.

Kwanza tuelewane. Ninaposema trekta la viwandani sisemi trekta lililotengenezwa kiwandani, maana yote hutoka huko. Ni trekta lililokusudiwa kazi nyingine mbali na kulima: kujenga barabara, kuvuta mizigo kwenye bandari na viwanja vya ndege, kuchimba mitaro, kupakia kokoto. Mara nyingi injini na gia zake ni zile zile za ndugu yake wa shambani, ila ekseli ya mbele imeongezwa nguvu, mbele kuna ndoo ya kupakia, nyuma kuna mkono wa kuchimba, na rangi yake ni ya njano. Undugu huo ndio unaoleta utata. Trekta la shamba likipakwa njano na kufungwa ndoo, mnunuzi asiye makini atauziwa kitu kisichokuwepo.

Kuna anayeuliza, mwaka una umuhimu gani kama mashine inawaka? Una umuhimu mkubwa. Fundi akiagiza kipuri kwa kufuata mwaka usio sahihi, kinakuja kisichoingia, na pesa zimeshakwenda. Mnunuzi anaweza kutoa bei ya trekta adimu akapewa la kawaida. Na sisi tunaopenda historia tunaweza kuandika kwamba mashine fulani ilifanya kazi mahali fulani kabla haijazaliwa.

Tarehe moja, matukio manne

Ninyi watu wa programu mtalielewa jambo hili haraka. Chukua barua iliyoandikwa mwaka 1998. Ukiinakili leo kwenye diski nyingine, mara nyingi tarakilishi itakuonyesha kwamba faili hilo "limeundwa" leo. Je, tarakilishi imedanganya? La. Imejibu swali ambalo hukuliuliza. Wewe ulitaka kujua barua iliandikwa lini, yenyewe ikakuambia nakala iliwekwa hapo lini.

Trekta nalo lina tarehe kama nne hivi. Ya kwanza ni siku kipuri kilipochorwa na wahandisi. Ya pili ni siku chuma kilipomiminwa kwenye kalibu. Ya tatu ni siku trekta zima lilipounganishwa. Ya nne ni siku lilipouzwa na kusajiliwa. Mwenye kitabu cha usajili anakuambia ya nne, kibati kinakuambia ya tatu, na fundi aliyepekua injini anakuambia ya kwanza au ya pili. Wanabishana mpaka jua linatua, kumbe wote wanasema kweli.

Mfano wa Ford

Mwaka 1964 Ford walifungua kiwanda kipya cha matrekta huko Basildon, Uingereza, wakaanza kutoa familia mpya: 2000, 3000, 4000 na 5000. Familia hiyo hiyo ilitengenezwa pia Highland Park huko Michigan, Marekani, na Antwerp, Ubelgiji. Ndugu zao wa viwandani, kama vile 4500, walipakwa njano. Herufi iliyotangulia nambari ya mfululizo ilitaja kiwanda: A ni Antwerp, B ni Basildon, C ni Highland Park.

Karibu na stata, kwenye mwili wa chuma wa gia, utakuta pia msimbo mfupi. Tuseme umeandikwa 7J22B. Tuufungue:

7 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka.
J ni mwezi.
22 ni siku ya mwezi.
B ni zamu ya wafanyakazi.

Hapo kwenye J kuna mtego. Ukihesabu alfabeti ya Kiingereza kwa vidole utapata kwamba J ni herufi ya kumi, basi utasema Oktoba. Lakini Ford waliiruka herufi I kwa kuwa inafanana na tarakimu 1. Kwa hiyo J ni Septemba, na Desemba ni M. Kosa la kuhesabu moja zaidi, ambalo kila mwandishi wa programu analijua, limekuwa likiwasubiri watu gereji tangu enzi hizo.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Mwaka umepewa tarakimu moja tu. 7 inaweza kuwa 1967 au 1977. Mnakumbuka jinsi dunia ilivyohangaika mwaka 2000 ulipokaribia, kwa sababu programu zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili? Basi hawa walihifadhi kwa moja. Tusiwalaumu. Aliyegonga nambari ile alitaka kumwezesha mkaguzi kufuatilia kasoro wiki iliyofuata. Hakuwaza kwamba kuna mtu atakayekuja kukwaruza kutu miaka hamsini baadaye akitafuta historia.

Utata huo huondolewa kwa kuuliza shahidi wa pili, nao ni modeli. Familia ya 5000 ilifika mwisho mwaka 1975, ikafuatwa na 4600, 5600 na wenzao. Kwa hiyo 7 kwenye 5000 ni 1967, na 7 kwenye 4600 ni 1977. Je, ukikuta 5 kwenye 5000? Hapo modeli haitoshi, maana 1965 na 1975 zote zinawezekana. Mwite shahidi wa tatu: nambari ya mfululizo, ambayo ilizidi kukua kadiri matrekta yalivyotoka. Ikiwa ndogo, ni mwanzo wa familia. Ikiwa kubwa, ni mwisho.

Shahidi wa nne yuko kwenye vipuri vyenyewe. Kwenye vyuma vya Ford vya wakati huo utaona maandishi kama C5NN. Herufi ya kwanza ni muongo: C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970, E ni ya 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo huo, na N inayofuata ni alama ya matrekta. Kwa hiyo C5 ni 1965. Lakini angalia, huo ni mwaka wa mchoro. Mchoro wa 1965 uliweza kuendelea kutumika miaka mingi baadaye. Nambari hiyo inakuambia tu kwamba kipuri hakiwezi kuwa cha kale kuliko 1965. Haikuambii kwamba ni cha 1965.

Na hapo ndipo udanganyifu hunaswa. Ukiambiwa trekta ni la 1967 na bado lina injini yake ya asili, kisha ukakuta bloku imeandikwa D5NN, maneno hayo hayawezi kusimama. Mchoro wa 1975 hauwezi kuingia kwenye trekta la 1967 ila kwa mkono wa fundi. Trekta linaweza kuwa la 1967 kweli, lakini injini ni mgeni.

Ferguson: herufi ya tatu

Rudi nyuma kidogo. Kuanzia 1946 hadi 1956 kampuni ya Standard Motor ilitengeneza Ferguson TE20 kwenye kiwanda cha Banner Lane, Coventry. Yalitoka zaidi ya matrekta 500,000. TE ni kifupi cha Tractor England, na 20 ilikaribia nguvu zake za farasi. Yale yaliyotengenezwa Detroit kuanzia 1948 yaliitwa TO20, yaani Tractor Overseas.

Baada ya TE huja herufi ya tatu, nayo ndiyo inayotenga koo. TEA ni petroli yenye injini ya Standard. TED hutumia mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa. TEF ni dizeli. Za viwandani zilipewa herufi zake: TEP ni petroli na TET ni dizeli. Sasa tumia akili ile ile ya kukagua data. Dizeli ya Ferguson ilianza 1951. Mtu akikuonyesha TET akadai ni ya 1948, usianze kubishana kuhusu bei. Mwaka wenyewe umejikataa.

Vivyo hivyo kwa wanaojigamba kwamba wana Ferguson ya 1946. Mwaka ule nambari hazikupita 315, na matrekta ya mwanzo yalifungwa injini ya Continental kutoka Marekani. Nambari ya makumi ya maelfu, au injini ya Standard, haiendi na dai hilo hata kibati king'ae vipi. Tena kibati kinashikiliwa na misumari midogo tu. Kinatoka na kurudi.

Rangi ni shahidi mwepesi

Rangi husaidia, ila ni shahidi anayenunulika kwa kopo moja. Caterpillar walikuwa wakipaka kijivu mpaka mwaka 1931, wakahamia njano ili mashine zionekane vizuri barabarani. Fordson nayo ilianza na kijivu, baadaye ikawa buluu, ikageuzwa kuwa ya machungwa mwaka 1937 baada ya kuhamia Dagenham, na wakati wa Vita vya Pili ikavaa kijani. Ukikuta machungwa chini ya kijani kwenye Fordson, kwaruza taratibu, maana unasoma historia tabaka kwa tabaka. Ukikuta buluu ya shambani chini ya njano kwenye Ford, umeshajua aliyekuuzia ni mtu wa namna gani.

Vichezeo navyo

Vichezeo vya matrekta vina historia ya kuheshimika, na baadhi vilizaliwa kwa ajili ya biashara ya trekta halisi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Airfix ya Uingereza iliagizwa kutengeneza mfano wa plastiki wa Ferguson TE20 wa kutumiwa na wauzaji wa matrekta. Baadaye uliuzwa kwa umma ukiwa vipande vya kuunganisha mwenyewe, na jina la Airfix likaja kujulikana duniani kwa biashara hiyo ya vipande.

Kosa linalofanywa sana ni kugeuza kichezeo, kusoma mwaka uliopo tumboni na kusema ndio mwaka wake. Mara nyingi huo ni mwaka wa hakimiliki au wa kalibu, sawa na C5NN. Kalibu moja hutumika miaka mingi. Anwani ndiyo inayosaidia zaidi. Fred Ertl alianza kutengeneza matrekta madogo ya alumini huko Dubuque, Iowa, mwaka 1945, na kampuni yake ikahamia Dyersville mwaka 1959. Kichezeo chenye jina la Dyersville basi hakikutoka kabla ya hapo. Lesney, watengenezaji wa Matchbox, walifilisika mwaka 1982 na kazi ikahamia Asia. Maandishi ya Lesney na Uingereza yakiwa pamoja tumboni yanakuwekea mpaka wa upande wa pili.

Jina la trekta nalo hupotosha. Massey-Harris na Ferguson waliungana mwaka 1953, wakawa Massey-Ferguson mwaka 1958. Lakini trekta dogo la Dinky liliendelea kuuzwa kwa jina la Massey-Harris mpaka katikati ya miaka ya 1960. Na ukisikia "Super Major", uliza ipi. Kulikuwa na Fordson Super Major mwanzoni mwa miaka ya 1960, halafu Ford 5000 ikapewa jina hilo hilo Uingereza. Hiyo ya pili ndiyo ambayo Corgi waliitoa kama kichezeo mwaka 1967.

Kwa wale wanaonunua vichezeo vya njano kwa bei kubwa: kagua chini. Ribiti zilizotobolewa na kubadilishwa kwa skrubu zinaonyesha kwamba kilifunguliwa. Angalia pia ndani ya pembe ambako brashi haifiki. Rangi ya kwanza hujificha huko.

Trekta lenye miaka miwili ya kuzaliwa

Namalizia na mfano wa hapa jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Tanganyika. Matrekta yalikuwa haba baada ya vita, basi kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru aina ya Sherman na kuvigeuza kuwa matrekta ya minyororo ya kusafisha pori. Yaliitwa Shervick, jina la Sherman na Vickers likiwa limeunganishwa. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa.

Sasa niambie, Shervick ni ya mwaka gani? Ukisoma chuma cha chini utakuta miaka ya vita. Ukiuliza trekta lenyewe, ni baada ya vita. Ukiandika mwaka mmoja tu, umefuta nusu ya habari: kwamba kifaru kilitumwa kulima karanga.

Ndiyo maana nasema, mwaka mtupu hautoshi. Ukiorodhesha trekta au kichezeo, iwe kwenye daftari au kwenye hifadhidata, weka safu mbili zaidi kando ya mwaka: umeusoma wapi, na ni mwaka wa tukio gani. Na kama nyumbani kwenu kuna trekta la zamani linalosubiri rangi mpya, kabla hujachovya brashi, chukua kitambaa na mafuta ya taa, safisha karibu na stata, unakili kila herufi unayoiona, hata ile usiyoielewa. Rangi inaweza kusubiri hadi kesho.