Urithi: sheria inasema nini baba ao mama akifariki

Mara nyingi matanga haijaisha, jamaa tayari inagombania parsele. Mjane anaambiwa arudi kwao, watoto wanagawanywa kwa baba wadogo na wajomba. Wengi wanafikiri ndiyo desturi, na hakuna la kufanya. Lakini sheria ya Leta inasema mambo mengine.

Katika Kongo, urithi unaongozwa na Kanuni ya Jamaa, sheria nambari 87-010 ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7, 2016. Desturi ya kabila haiwezi kuipita.

Mali ya mjane si urithi

Kama bibi na bwana walioana kisheria bila kuchagua namna ingine ya kutunza mali, vile walivyopata pamoja ndani ya ndoa ni vyao wote wawili. Mmoja akifariki, anayebaki anatoa kwanza nusu yake. Nusu ya marehemu tu ndiyo inaitwa urithi.

Nani anapata nini

Kundi la kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa inje lakini baba aliwatambua kisheria akiwa hai, na wale wa kupanga. Hao wanapata robo 3 za urithi, wanagawana sawasawa, binti kama kijana.

Robo inayobaki ni ya kundi la pili, lenye sehemu tatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu na dada zake. Kila sehemu inapata 1/12. Baba wadogo, wajomba na mashangazi ni kundi la tatu. Kama watoto wako, hawana kitu.

Mfano: bwana na bibi walipata pamoja mali ya dola 24.000. Bwana anafariki, anaacha watoto 3. Bibi anatoa dola 12.000 zake. Katika dola 12.000 za urithi, watoto wanapata 9.000, ni kusema 3.000 kila mmoja. Mjane anapata 1.000, wazazi 1.000, ndugu na dada wote pamoja 1.000.

Tena mjane ana haki ya kuendelea kuishi katika nyumba walimokaa na kutumia vyombo vyake, hata kama nyumba imekuwa ya watoto.

Kuacha wosia

Wosia unaweza kufanywa mbele ya notere ao ofisa wa etasivili. Unaweza pia kuandikwa nyumbani, lakini mwenyewe aandike yote kwa mkono wake, aweke tarehe na sahihi. Kupiga kwa mashine na kutia sahihi tu haitoshi. Wosia wa mdomo unakubaliwa kwa mtu aliye karibu kufa, mbele ya mashahidi wawili wakubwa. Lakini wosia hauwezi kunyang'anya watoto robo 3 zao.

Kama hakuna wosia, mkubwa kati ya wariti, ao yule wanayemchagua, anakuwa likidatere. Kazi yake ni kuhesabu mali, kulipa madeni na kugawa. Yeye si mwenye mali, na wariti wanaweza kumpeleka tribinali akiuza kwa siri.

Karatasi za kutayarisha mapema

Ndoa ya kimila iandikishwe etasivili. Bila cheti, mjane anapata shida kujionyesha. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Parsele iwe na sertifika ya ofisi ya titre imobilie, kwa kuwa fishi ya kartie ao karatasi ya kuuziana haitoshi. Mwenyewe akifariki, sertifika inabadilishwa jina kwa amri ya tribinali.

Katika eneo ambako watu wanakimbia vita mara kwa mara, ni vizuri kopi za karatasi hizo zikae pia kwa mtu wa kuaminika anayeishi mahali pengine.